Baba Aliyesoma Daftari la Binti Yake: Maswali ya Wasomaji wa Fasihi

Barua tatu za toleo hili zimetoka Dodoma mjini na Mpwapwa. Waandishi wake hawajuani, lakini kila mmoja anauliza kwa njia yake kuhusu baba, au mtu aliyesimama mahali pa baba, na msichana anayekua mbele ya macho yake katika vitabu vyetu. Majina nimeyaacha kama walivyoomba wenyewe.

Baba wa Kizota, Dodoma, anauliza:

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi seremala. Mke wangu alifariki miaka 6 iliyopita, na tangu hapo nimemlea binti yetu wa pekee kwa msaada wa dada yangu. Sasa ana miaka 17 na yuko kidato cha nne. Mwezi uliopita nilikuwa natafuta cheti chake cha kuzaliwa ndani ya sanduku lake, nikakuta daftari aliloandikia hadithi ndefu, nami nikaisoma yote nikiwa nimesimama. Humo kuna baba mkali asiyemruhusu binti yake kwenda popote, ambaye haongei naye isipokuwa kwa kuamuru, na mwishoni binti anafunga nguo zake usiku. Sentensi moja imenikaa kichwani: "Nilipochelewa, baba aliutazama mlango kama mkulima wa mtama wa Bahi anavyolitazama wingu la mwezi wa pili." Nililirudisha daftari mahali pake na sikusema kitu. Baadaye nilimuuliza kwa kuzungukazunguka kuhusu vitabu wanavyosoma shuleni, akanijibu kwamba akina baba wa vitabuni ama ni walevi ama ni wakatili. Je, ni kweli? Na baba wa hadithi ile ni mimi?

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kuondokewa na mwenzako. Maswali yako ni mawili, na la pili ndilo linalokunyima usingizi, lakini naomba nianze na la kwanza kwa sababu ndilo litakalotufikisha kwenye la pili.

Binti yako hajakosea sana. Katika riwaya na tamthilia zinazosomwa mno shuleni, zile zilizoandikwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, utakutana mara kwa mara na baba ambaye ama ameipa pombe nafasi ya watoto wake, kama Lomolomo katika Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, ama amewabana watoto hao mpaka hawapumui, kama Bwana Maksuudi katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed iliyotoka mwaka 1980. Maksuudi anamfungia binti yake Maimuna ndani ya nyumba, huku yeye mwenyewe nje akiishi maisha ambayo asingethubutu kuyaeleza mbele ya mtoto huyo. Siku Maimuna anapotoroka, anaingia katika dunia ambayo hakuna aliyepata kumweleza inavyokwenda, na dunia inamtenda kama inavyomtenda mgeni asiye na mwenyeji. Baba alidhani anamlinda, kumbe alikuwa akimnyima macho.

Lakini kitabu ambacho ningependa ukisome wewe mwenyewe, polepole, ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na ambayo kwa muda ilizuiwa isisomwe shuleni. Kisa kinaanzia Namagondo, huko Ukerewe. Zakaria, baba mlevi ambaye mzigo wa nyumba amemwachia mkewe Regina, anagundua kwamba kijana anayeitwa Charles amemwandikia Rosa barua, naye anampiga binti kipigo ambacho msomaji hakisahau. Nimeisoma sehemu hiyo na wanafunzi wengi katika miaka yangu ya ualimu, na kila mara darasa lilinyamaza pale pale. Wavulana walitazama dirishani, wasichana waliinamisha vichwa. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba Rosa alikuwa hajafanya lolote. Alikuwa amepokea maneno tu. Kwa fimbo ile Zakaria alimfundisha kwamba maneno ya mwanamume kwa mwanamke ni jambo lisilozungumzika nyumbani, kwa hiyo Rosa alipokwenda shule ya bweni na baadaye chuo cha ualimu, mbali na fimbo ya baba, hakuwa na lugha ya kukubali wala ya kukataa. Alikuwa na woga, na woga ulipoisha hakubaki na kitu cha kumwongoza. Mwisho wake ni kujiua. Kezilahabi hamwondolei Rosa dhamana ya matendo yake, lakini hakukiweka kipigo kile mwanzoni mwa kitabu kwa bahati tu.

Kwa nini basi akina baba hawa ni wengi kiasi hicho? Nina maoni yangu, na sijawahi kuyabadilisha. Waandishi hawa waliandika wakati ambapo mabinti wengi walikuwa wakienda shule na bwenini kwa mara ya kwanza katika koo zao, wakirudi likizo wakiwa wanajua kusoma na kuandikiwa. Zamani neno la mwanamume kwa msichana lilikuwa na njia yake: lilipita kwa mshenga, likajibiwa na wazee, na huku kwetu Ugogoni likamalizikia kwenye ng'ombe waliohesabiwa mbele ya ukoo. Barua haina mshenga. Inaingia nyumbani ikiwa imekunjwa ndani ya kitabu cha hesabu, na baba aliyejua kuhesabu ng'ombe hajui la kufanya na karatasi. Ndiyo maana, ukichunguza, ugomvi wa baba na binti katika fasihi yetu mara nyingi hulipuka mbele ya maandishi. Hata katika Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthilia ya Edwin Semzaba, ambamo afisa wa sensa kutoka mjini anaacha kazi ya kuhesabu watu na kumtorosha Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi aliyempokea kijijini, uchungu wa mzee unaishia kwenye karatasi za takwimu, anazichoma moto. Tamthilia inamlaumu zaidi Ngoswe, na ni haki yake kulaumiwa. Mimi kila nikifika kwenye moto ule humfikiria Mazoea, ambaye ugomvi wote unamhusu yeye na karatasi zinazoungua si zake.

Haikuwa hivyo siku zote, na hili ningependa binti yako alijue. Karibu mwaka 1858, huko Pate, Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa wasia, na katika beti za mwanzo kabisa anamwita aje aketi karibu naye akiwa na wino na karatasi. Karne moja hivi baadaye Shaaban Robert alifanya vilevile akiwa baba. Naye alikuwa ameonja uchungu wako, maana mkewe Amina alifariki na yeye akamtungia shairi la maombolezo ambalo watu wazima wengi wanalijua kwa moyo. Katika Utenzi wa Hati anamwambia binti yake Mwanjaa akae juu ya kiti aandike hati ndogo ya wasia. Tazama alivyoanza: kabla ya nasaha yoyote kuhusu dini, adabu au ndoa, baba anampa binti kiti na kalamu. Yaliyomo ndani ya wasia huo si yote ambayo ningemfundisha msichana wa leo, na sioni vibaya kusema hivyo, lakini kile kiti na ile kalamu sijapata kuvisahau.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, na nipite njia ya mbali kidogo. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi. Humo kuna akina baba wawili. Mmoja amekwisha kufa, ila ameacha wasia kwamba binti yake Portia ataolewa na mwanamume atakayechagua kisanduku sahihi kati ya vitatu, cha dhahabu, cha fedha na cha risasi, na Portia mwenye akili kuliko wanaume wote wa mchezo ule anakaa akisubiri kisanduku kifunguliwe. Wa pili ni Shylock, ambaye binti yake Jessica anatoroka usiku na mali ya nyumbani. Wasomaji wengi wanakumbuka kwamba Shylock alilia mitaani akichanganya jina la binti na la fedha zake, kana kwamba alishindwa kujua kipi kimemuuma zaidi. Lakini rudi ukasome vizuri: kilio hicho hatukisikii kwa kinywa chake. Tunasimuliwa na watu wanaomchukia na wanaomcheka. Tunapomwona yeye mwenyewe baada ya pigo hilo, hasira yake imechanganyika na majonzi, kwa mfano anapoililia pete aliyopewa na marehemu mkewe Leah kabla hawajaoana, ambayo binti ameibadilisha kwa nyani.

Nimekuletea mfano huu kwa sababu nawe umejisikia kupitia kinywa cha mwingine. Anayesimulia katika daftari si binti yako, ni msichana ambaye binti yako amemtunga, na msichana huyo ana sababu zake za kumwona baba kama anavyomwona. Mwandishi huchukua kikohozi cha baba yake, viatu vyake, namna anavyofunga mlango, akavishonea mtu ambaye hajawahi kuwapo. Kwa hiyo ukiniuliza kama baba yule ni wewe, nitakujibu kwamba mlango ni wako na macho yanayoutazama ni yako. Mengine sijui, na wewe pia usiyaamue peke yako.

Turudi sasa kwenye sentensi uliyoninakilia, maana wewe umesoma ukali ndani yake nami sikuuona. Umeishi Dodoma, unajua mwezi wa pili ulivyo. Mvua zilizoanza Desemba hupumzika, jua linachoma, mtama uko katikati ya kukua, na mkulima wa Bahi anayetazama wingu hana hasira nalo. Anatamani literemke, na anaogopa lisije likapita kwenda kunyesha kwa watu wengine. Msichana wa miaka 17 aliyepata mfano huo ameona kwamba baba anayetazama mlango anaogopa. Amekuona, ndugu yangu, kuliko ulivyojiona wewe uliposoma ukiwa umesimama. Na kama mwalimu nakuambia pia kwamba ni sentensi nzuri sana. Nimesahihisha insha kwa miaka mingi, na zilizonifanya niweke kalamu chini hazikuwa nyingi.

Ulisimama pale pale alipokuwa amesimama Zakaria, ukiwa na maandishi ambayo hayakuandikwa kwa ajili yako, ukayarudisha. Hilo lilikuwa jambo jema, ila ukimya uliofuata usiuache ukae muda mrefu. Mwambie kwamba ulitafuta cheti ukalikuta daftari, kwamba ulilisoma, na kwamba ulikosea kulisoma bila ruhusa. Usimuulize kama baba yule ni wewe, kwa sababu atalazimika ama kukudanganya ama kukuumiza. Muulize kwa nini alichagua mkulima wa Bahi, halafu nyamaza usikilize. Kama una jambo la kumweleza kuhusu mlango ule, kuhusu unachokifikiria anapochelewa na giza limeingia, mweleze siku nyingine, usilifanye kuwa jibu la hadithi yake.

Msomaji wa kike, mwanafunzi wa chuo kikuu, Dodoma, anauliza:

Shikamoo Mwalimu. Kuna mzee mmoja, rafiki wa familia yetu, ambaye amenisaidia ada tangu mwaka wa kwanza. Huniita "binti yangu" na hajawahi kunifanyia lolote baya, ila siku hizi anataka nimpe taarifa ya kila ninakokwenda na kila ninayezungumza naye. Muhula huu tunasoma riwaya ya Vuta N'kuvute, na sasa kila akinipigia simu namkumbuka Raza, yule mume mzee wa msichana Yasmin. Je, ninamkosea heshima? Na je, fasihi yetu haina mwanamume mlezi, asiye baba mzazi, ambaye msichana anaweza kumwamini?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Humkosei heshima mtu kwa kufikiri.

Lugha yetu imelipanua neno baba kuliko lugha nyingi. Tuna baba mkubwa na baba mdogo, baba mkwe, baba wa kambo, baba wa ubatizo, baba mlezi, na mtu yeyote wa rika la mzazi wako unaweza kumwita baba barabarani bila kumjua jina. Huo ni utajiri, kwa maana mtoto aliyefiwa hapa kwetu hapungukiwi na watu wa kuwaita baba. Lakini neno linaloweza kuvaliwa na kila mtu linaweza kuvaliwa pia na asiyestahili, na waandishi wetu waliliona hilo mapema. Katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972, Mwinyi ni mzee tajiri anayemtaka Bahati, msichana maskini, na utajiri wake ndio unaompa ujasiri wa kutoona aibu ya umri. Katika Rosa Mistika yumo Bwana Maendeleo, mtu wa cheo. Na katika Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, Yasmin ana miaka 15 na Raza, mume aliyechaguliwa na wakubwa, ana miaka 52. Shafi hakumfanya Raza kuwa mnyama, na hapo ndipo ustadi wake ulipo. Kwa jamaa wa Yasmin yeye ni mume anayefaa, mtu wa dukani mwenye chakula mezani. Ubaya uko katika mpango wenyewe, ambao unampa msichana mume ambaye angeweza kuwa baba yake, kisha unamtaka ashukuru.

Huko mitaani tulipata jina la mwanamume wa aina nyingine, anayewinda wasichana wadogo kwa chipsi na vocha. Tukamwita fataki, na matangazo ya redio yalilieneza jina hilo nchi nzima. Nadhani jina hilo lilitusaidia na pia lilitupotosha, kwa kuwa sasa tunamtafuta mtu wa kelele na harufu ya baruti, na yule anayekuja kimya kimya kwa risiti ya ada na neno "binti yangu" anatupita.

Nataka ugundue jambo moja katika riwaya unayoisoma. Usimpime mlezi kwa anavyotoa, mpime kwa kinachotokea msichana anapokataa. Yasmin anapomkimbia Raza anakwenda kwa mjomba wake, mtu wa damu, na mjomba anamfukuza. Mlango wa mjomba ulikuwa wazi kwa Yasmin mtiifu tu. Anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, mwanamke asiye na kitu, ambaye hakumdai maelezo wala shukrani. Kwa hiyo jaribu kukataa jambo dogo. Mwambie mzee huyo, kwa adabu yote, kwamba taarifa za masomo na matokeo utampa kila muhula kwa sababu anastahili kujua fedha yake imefanya nini, na kwamba ratiba yako ya kila siku hutaitoa. Akiwa mlezi wa kweli atashtuka kidogo, kisha atakubali. Akianza kukuhesabia ada aliyolipa, umepata jibu, na siku hiyo hiyo uwaeleze wazazi wako pamoja na mshauri wa wanafunzi chuoni, usikae nalo peke yako.

Kuhusu swali lako la mwisho, mlezi mwema wa kiume asiye mzazi ni haba mno katika riwaya zetu, na nasema hivi kwa masikitiko. Baba anaposhindwa, wanaobeba msichana vitabuni ni wanawake, akina Regina na akina Mwajuma. Katika maisha nimewaona wanaume wa namna hiyo wengi, wajomba waliouza mbuzi ili mtoto wa dada asome, walimu waliokaa na wanafunzi mpaka jioni mlango ukiwa wazi, na sielewi kwa nini kalamu zetu zimewapita. Labda wema usiodai malipo hauna kisa cha kusimulia, au labda hatujajaribu vya kutosha.

Niongeze neno moja nje ya riwaya, kwa kuwa unaishi katika mji wa Bunge. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini, na idhini hiyo ilipangwa kwa mstari: kwanza baba, baba akiwa amefariki basi mama, na wote wakiwa hawapo basi mlezi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Soma orodha ile ya watoa idhini, halafu usome tena sura za mwanzo za Vuta N'kuvute, ingawa kisa chake ni cha Zanzibar ya ukoloni. Utaona kwamba mwandishi na majaji waliulizana swali moja, yaani msichana mwenyewe yuko wapi katika mstari huo.

Mwalimu wa Kiswahili, Mpwapwa, anauliza:

Mwalimu mwenzangu, nilikuwa nikifundisha Utenzi wa Hati, na msichana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono akauliza: "Mwanjaa alijibu nini?" Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, lakini sikuwa na jibu. Ungemjibuje?

Jibu:

Ningemshukuru kwanza, mbele ya wale waliocheka. Mimi niliusoma utenzi huo kwa miaka mingi kabla swali hilo halijanijia, na liliponijia niliupekua tena kwa makini nikitafuta ubeti ambao Mwanjaa anasema, hata "naam, baba" moja. Haupo. Katika utendi wa Mwana Kupona pia binti ameshika kalamu, na sauti yote ni ya mama. Ndiyo desturi ya wasia, mzazi anasema na mtoto anapokea, na mtu anayejiona yu karibu na kaburi ana haki ya kusikilizwa mpaka mwisho. Lakini mwanafunzi wako ameona kile ambacho wahakiki tumekipita: hawa mabinti ni waandishi wa hati, na hawana hata mstari mmoja wao wenyewe.

Mweleze kwamba yuko binti mmoja wa pwani yetu aliyejibu, japokuwa hakujibu kwa Kiswahili wala kwa beti. Salme binti Said alizaliwa Unguja mwaka 1844, mtoto wa Sultani Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856 wakati binti akiwa na miaka 12 hivi. Wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma Kurani na hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1886, akiwa Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu za maisha yake ambazo alikuwa ameziandika kwa ajili ya watoto wake, na humo baba yake yupo, akitembea huku na huku katika baraza la jumba la Mtoni, mzee anayeheshimiwa na kupendwa. Ni picha ya mapenzi makubwa, na haifichi ugumu wa nyumba yenye masuria na watoto wengi. Baba yule hakupata kusoma alivyochorwa, na sidhani kama angeliamini kwamba mwenye kalamu angekuwa yule mdogo.

Kwa darasa lako napendekeza kazi moja. Wape wiki mbili, kila mwanafunzi, wasichana na wavulana, aandike beti 5 za Mwanjaa, zenye mistari minne minne kama za baba yake, akizingatia vina na mizani. Waruhusu wakubaliane na wasia, waupinge, wamuulize baba maswali, au wamweleze alichosahau kuuliza. Usiwasahihishe maoni, sahihisha mizani tu. Wakati wanaandika, mkalishe yule aliyeuliza kwenye kiti chako cha mwalimu, pale mbele. Beti zikikamilika nitumie, nami nitazichapa katika safu hii zikiwa na majina yao ya kwanza, kama wao na wazazi wao watakubali. Na kama yule baba wa Kizota atakuwa amekwisha kuzungumza na binti yake, namwomba amweleze kwamba nafasi ipo kwa ajili yake pia, hata kama hasomi Mpwapwa.